Imerudi, Baba, na Wewe Hupo

Mpendwa Baba,

Viazi vya shamba la chini vimetoa maua. Ni Mama aliyeniambia, kwa sauti ile yake ya kusoma matangazo kanisani, utadhani maua ya viazi yana mwenyekiti na mweka hazina. Udongo wa kaburi lako umeshuka kidogo kwa sababu ya mvua. Baba mkubwa anataka tulijengee saruji upesi, Mama anasema ardhi ya kwetu Keringet iachwe kwanza ikae, na mpaka sasa wanazungushana hapo. Yule ng'ombe mkorofi amezaa. Basi, za nyumbani ni hizo.

Zangu si nzuri. Ile hali imerudi. Nimepanga chumba hapa Lanet kwa sababu chuo kilinileta shule ya karibu kufanya mazoezi ya kufundisha, muhula wangu wa mwisho kabla ya kumaliza. Asubuhi wanajeshi wa kambini hupita barabarani wakikimbia na kuimba, na mimi huwasikia nikiwa nimejifunika blanketi mpaka kichwani, nikijiambia nitaamka wakishapita. Wanapita. Siamki. Wiki hii sijaenda shule kabisa. Nilimpigia mwalimu mkuu nikamwambia nina malaria, akaniambia pole, nipumzike, ninywe maji mengi.

Najua ninachotakiwa kufanya, usinikazie macho. Ninatakiwa kurudi kwa yule daktari. Dawa zilikwisha zamani, na tangu tukuzike sijakanyaga hospitali ile, kwa sababu sikuwahi kwenda hata mara moja bila wewe. Nauli ninayo na njia naijua. Kinachonishinda ni lile benchi la nje, nikiwa nimekaa juu yake peke yangu.

Unakumbuka siku uliyonipeleka chuo? Nilikuwa na sanduku, godoro, na gunia la viazi ulilokataa kuliacha nyumbani. Nilikuambia hosteli hairuhusu kupika. Ukasema, "Mtu hawezi kukaa mahali hakuna viazi." Matroni alipoliona alicheka mpaka akashika kiuno. Mwishowe gunia liliingia chini ya kitanda changu, na Njeri, msichana tuliyepangiwa chumba kimoja, akajua siku hiyo hiyo kwamba amepewa mkulima. Tulipoagana ulinipa mkono jinsi unavyowapa wanaume wenzako. "Haya, Mwalimu," ukasema.

Hapo ndipo jina hilo lilipoanza kunifuata. Barua ya kuitwa chuoni ilipofika ulikuwa umeshaanza kunitania nalo, lakini tangu siku ile ulilitumia kwenye simu, kanisani, hata kwa ng'ombe: "Songa, Mwalimu apite." Majirani wakalidaka. Nilikuwa wa kwanza kwetu kwenda chuo kikuu, na ukoo ulikuwa umeniombea, umenilisha, umeninunulia sweta mpya. Nilifurahi, Baba, sikatai. Ila mtu akiitwa Mwalimu kabla hajashika chaki, anakosa mahali pa kuangukia.

Mwaka wa pili nilianguka hata hivyo. Hakuna jambo lililotokea, na hilo ndilo lililofanya iwe vigumu kueleza. Sikuachwa na mtu, sikufeli mtihani, hakuna aliyenikosea. Nilianza tu kuchoka kwa namna ambayo usingizi haukuiponya. Nikaacha kula, kisha kuoga, kisha kwenda darasani. Njeri alikuwa akiniletea chai na mkate, anaviweka dirishani, jioni anaondoa kikombe kikiwa na utando juu. Ukipiga simu nilikuwa nakaa kitako, nakohoa kidogo kusafisha sauti, nakuambia masomo yanaendelea vizuri. Ukishakata, narudi kulala. Kuna mchana mmoja nilikaa nikiwaza kwamba nyumbani mngepumzika kama nisingekuwepo. Niliwaza hivyo kwa utulivu kabisa, na ule utulivu ndio ulionitisha. Nikamwambia Njeri, na Njeri akachukua simu yangu akakupigia nikiwa nasikia.

"Mzee, mimi ni Njeri, tunakaa rumu moja na Chebet," alisema. "Si mgonjwa wa kusema ni mgonjwa, lakini si mzima. Ukiweza kuja, kuja leo."

Ulikuja na lori la viazi, umekaa juu ya magunia na kofia yako ya kanisani. Wanaume hawaruhusiwi ndani ya hosteli ya wasichana, kwa hiyo ulisimama uani chini ya dirisha letu. Nilikuona umeshika kofia mkononi, buti zina matope ya kwetu, wasichana wakikupita na beseni zao za kufulia. Nilikupigia kutoka kitandani, nikakuambia nakuja. Ukajibu, "Usiharakishe. Mimi nimepata jiwe nimekalia." Ilinichukua muda mrefu kuvaa viatu, wewe mwenyewe unajua ni mrefu kiasi gani, na hukupiga simu tena. Nilipotoka uliangalia nywele zangu, ukaangalia pembeni, ukasema, "Baridi ya huku ni kidogo kuliko ya kwetu." Hapo nikajua unajizuia kulia, kwa sababu hukuwahi kujali hali ya hewa ya mahali pengine.

Nesi wa chuo alituandikia twende hospitali ya mjini. Tulishuka mbali kidogo, tukatembea kupitia Milimani, mtaa wa matajiri, wewe ukichungulia ndani ya nyua za watu. "Hawa wako na shamba kubwa hivi na hawajapanda kitu," ulisema, kwa huzuni ya kweli, na nikacheka. Nilikuwa nimesahau mlio wa kicheko changu.

Daktari alizungumza nami kwanza, peke yangu, kisha akakuita. Alieleza polepole, bila kutuficha, hata mawazo yangu ya mchana ule. Wewe ulisikiliza na kofia magotini, halafu ukauliza swali moja tu: "Daktari, hii ni kama malaria ama ni kama sukari?" Nilitaka kuingia chini ya meza kwa aibu. Yeye hakucheka. Alisema kwa wengine hupita ikaisha, kwa wengine huja na kuondoka, na mtu huishi nayo vizuri akiitunza jinsi watu wanavyotunza sukari. Kwangu ilikuwa mapema mno kujua. "Basi tutaitunza," ukasema, kana kwamba tumeletewa ndama.

Nyumbani tulimkuta Mama ameshatengeneza jibu la kuwapa majirani. Chuo kimefungwa, wahadhiri wamegoma. Ulikuwa uongo uliokaa vizuri, kwa sababu wahadhiri wa nchi hii hugoma na hakuna anayeshangaa. Mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Aliogopa watu waseme anawaombea watoto wa wenzake na wake anamshinda, au waseme ukoo wetu una kichaa. Sikumlaumu wakati ule, maana mgomo ulinifaa hata mimi. Nilikaa nyuma ya pazia nikimeza dawa zangu kwa siri, na kila nikitoka mtu ananiuliza wahadhiri wanadai nini hasa. Nilijifunza kujibu vizuri sana. Ningeweza kuwawakilisha kwenye meza ya mazungumzo. Shida ni kwamba mgomo wetu ulirefuka mno. Binti wa jirani anayesoma chuo hicho hicho alikuja nyumbani Ijumaa, Jumatatu akarudi darasani, na watu walimwona akipita na begi lake.

Kisha zamu ya ushirika wa nyumba kwa nyumba ikafika kwetu. Sebule ilijaa, wengine wakakaa kwenye magunia barazani. Baada ya maombi, Mama akiwa anamimina chai, mzee wa kanisa akauliza, bila ubaya wowote, nadhani, "Na huu mgomo, utaisha lini?" Mkono wa Mama ulisimama hewani na birika. Wewe ukainuka ukatoka. Nilidhani umeona aibu ukaenda nje kupunga upepo. Ukarudi na kibuyu.

Kwetu kila mtu anajua mursik hupewa nani mbele ya watu. Maziwa yale ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa tunayanywa na ugali siku yoyote, lakini ukisimamishwa mbele ya mkutano ukapewa kikombe, basi umetoka kushinda: mkimbiaji aliyerudi na medali, mtoto aliyefuzu chuo, mtu aliyepata kiti. Ulitikisa kibuyu, ukamimina, ukaniletea pale nilipokuwa nimejibanza karibu na mlango wa jikoni.

"Simama, Chebet," ukasema. Halafu ukawageukia. "Hakuna mgomo. Huyu alikuwa mgonjwa wa akili, na bado anatibiwa. Mahali alikuwa amefika, kuna watu hawarudi. Yeye amerudi."

Mzee wa kanisa alikohoa. "Lakini mzee, hii maziwa ni ya mtu ameshinda."

"Ndio maana nimeleta," ukajibu.

Baba, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mikono ilikuwa inatetemeka kwa sababu ya zile dawa, nikamwaga mengine kwenye sketi, mengine yakashuka kidevuni na vipande vyake vya mkaa. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alianzisha wimbo kwa kukosa kitu kingine cha kufanya, wakaimba ubeti mmoja, wakanyamaza. Mama aliingia jikoni, na kwa siku kadhaa baada ya hapo alizungumza nawe kupitia kwangu tu: "Mwambie baba yako maji ya kuoga yako tayari." Wewe upo hapo hapo, umekaa kwenye stuli, unasikia.

Sitasema watu wetu walibadilika. Wengine waliacha kutuma watoto wao kwetu kuazima vitu. Mama mmoja alikuja peke yake kuomba chujio, akakaa mpaka giza likaanza kuingia, na alipoondoka alikuwa amesahau chujio lakini anajua hospitali iko wapi. Nilichopata mimi ni kwamba niliweza kufungua pazia. Na tangu siku ile hukuniita Mwalimu tena. Uliniita Chebet, na nilikuwa na njaa ya jina langu kuliko nilivyojua.

Ingawa, tuseme ukweli, ulipata uhuru uliopitiliza. Ulimweleza hata yule wa duka la dawa za mifugo, naye akanishauri nipunguze kusoma na nipake kichwa mafuta ya kondoo. Nilikununia kutwa nzima. Ulisema, "Lakini alikuwa anataka kusaidia," ukacheka peke yako.

Miezi ile niliyokaa nyumbani uliniweka ghalani nikuchagulie mbegu za viazi. Hukuniuliza najisikiaje, hilo ulimwachia daktari. Uliniuliza, "Leo utachagua ama utakaa?" Nikisema nitakaa, unanikunjia gunia tupu nilikalie, nawe unakaa kwenye lako, tunaangalia ukungu ukipanda kutoka bondeni. Ukiona nimekaa sana unasema ng'ombe wanataka maji, na ni kweli walikuwa wanayataka. Hivyo ndivyo nilivyopona ile mara ya kwanza, nusu kwa vidonge na nusu kwa kukaa. Niliporudi chuoni, kila tarehe ya daktari ulishuka na lori la viazi tukakutana hospitalini. Kwenye benchi uliwasalimia wagonjwa wengine mtindo wa sokoni: "Wewe umetoka wapi? Kwenu mnalima nini?" Mwanaume mmoja ambaye hakuwa anaongea na mtu alikueleza habari za mahindi yake mpaka akaitwa.

Sasa niseme kinachoniudhi, maana sitaki kukuandikia sifa tupu. Kikohozi chako ulikiita baridi. Kila mtu alikusikia ukikohoa, na kila mtu ulimwambia ukishamaliza kuvuna utaenda kupimwa. Wewe uliyenitoa kitandani hosteli ulishindwa kujitoa shambani. Ungeniambia mimi, ningekuja nikakaa juu ya jiwe. Hukuniambia kwa sababu nilikuwa nakaribia mitihani, na hukutaka kunisumbua akili. Nakupenda na nimekukasirikia, na sioni kama moja litamaliza lingine.

Na ulipofariki, Mama alikataza nisiambiwe mpaka nimalize karatasi ya mwisho. Alidhani ananikinga. Nilikaa kwenye chumba cha mtihani nikaandika historia ya watu wengine, kwa mwandiko mzuri, wewe ukiwa tayari mochari. Nilipofika nyumbani nikakuta hema limeshasimamishwa uani. Tangu siku hiyo mimi na Mama tumekuwa watu wa kupeana habari za mifugo. Tunapigiana simu, tunaulizana mvua, tunakata. Nilisema moyoni kwamba mtu aliyenificha nyuma ya mgomo na akanificha kifo hawezi kuwa mtu wa kumwambia kwamba nimezama.

Leo mchana alipiga. Nilikuwa kitandani, na sikukohoa kusafisha sauti kwa sababu nilikosa nguvu hata hiyo. Alinipa habari zote nilizokuandikia hapo juu, kisha akauliza, "Uko shule?"

"Niko kwa nyumba. Nilimwambia mwalimu mkuu niko na malaria."

"Na ni malaria?"

"Hapana, Mama. Imerudi."

Nilisikia kuku wetu nyuma yake. Nilijiandaa aniambie niombe, au niendelee na hiyo malaria maana ni ugonjwa wa heshima.

"Umekula?" akauliza.

"Hapana."

"Hata mimi." Kisha, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ndogo, isiyo na matangazo: "Chebet, mimi silali tangu tumzike baba yako. Asubuhi naketi kwa kitanda mpaka jua linafika miguuni. Kanisani nimewaambia ni presha."

Nikasema, "Presha na malaria," naye akatoa pumzi puani, na baada ya kidogo nikagundua tunacheka, kile kicheko cha msibani kinachomkimbiza mtu jikoni ajifiche. Kisha akalia. Nilimwacha alie. Alisema alipokataza nisiambiwe, alikuwa anafikiria ule mchana wa hosteli, kwamba nikisikia habari hiyo nikiwa peke yangu atazika watu wawili. Hakuwahi kuniambia kwamba anajua kuhusu ule mchana. Kumbe ulimweleza.

"Huyo daktari wenu," akasema alipotulia, "anaonanga hata watu wazee?"

"Anaona, Mama."

"Basi kesho nitashuka na gari la maziwa. Lakini mimi huko sijui. Utanipeleka?"

Baba, nilikuwa nimeshaweka miguu sakafuni kabla hajamaliza kuuliza. Sitakudanganya kwamba nimepona. Kichwa bado ni kizito, na nimeoga huku nimekaa. Lakini nimeoga. Nimefua nguo. Nimempigia mwalimu mkuu nikamwambia haikuwa malaria, nikamweleza ni nini. Akasema nikiwa tayari nifike ofisini tuzungumze. Huenda nikarudia muhula mzima, huenda nisirudie. Nitajua huko mbele.

Nakuaga sasa, nataka nilale kabla sijaanza kufikiria sana. Mama amepiga tena jioni hii, anaogopa kuaibika mjini, anataka kujua kinachofanyika tukifika. Nimemweleza kwamba mlangoni, kabla ya kuketi, karani huuliza mgonjwa ni nani na aliyemleta ni nani.

"Na sisi tutasema nani?" akauliza.

Nimemwambia tutapokezana.

Lala, Baba.

Binti yako